Sura ya 7: Sifa Huku, Thamani Kule

Magari ya Usumbura ya enzi za Wabelgiji hayakuja kwa magurudumu yake. Yalipakiwa melini Antwerp, yakashushwa Dar es Salaam, yakapandishwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati hadi Kigoma, kisha yakavushwa Ziwa Tanganyika mpaka bandari ya mji ambao tangu uhuru wa 1962 unaitwa Bujumbura. Reli hiyo ilijengwa na Wajerumani na ilifika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipokwisha, Tanganyika ikaenda kwa Waingereza na Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji, na mkataba wa 1921 ukawapa Wabelgiji maeneo yao ndani ya bandari za Dar es Salaam na Kigoma, yakajulikana kwa jina la Belbase. Kwa safari ya kupakia na kupakua mara kadhaa namna hiyo, hata gari la kawaida lilifika Usumbura likiwa kitu cha wachache.

Na Ubelgiji wa siku hizo haukuwa nchi ya kununua tu magari ya wenzake. Mbelgiji Camille Jenatzy ndiye aliyekuwa dereva wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa, tarehe 29 Aprili 1899, akiendesha gari la umeme lililoitwa La Jamais Contente. Kule Antwerp, Sylvain de Jong alianza na baiskeli, akaenda pikipiki, kisha akatengeneza magari ya Minerva. Injini iliyoipa Minerva jina haikutumia vali za kawaida. Ilikuwa na mikono ya chuma iliyoteleza ndani ya silinda, muundo wa Mmarekani Charles Knight, na sifa yake kubwa ilikuwa utulivu. Wafalme waliinunua. Charles Rolls, kabla jina lake halijaunganishwa na la Royce, aliuza Minerva jijini London. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukaiangusha kampuni, ikafilisika mwaka 1934, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 jina hilo la kifalme lilikuwa limebandikwa kwenye Land Rover za jeshi la Ubelgiji zilizoundwa kwa leseni ya Waingereza. Leo Minerva ya miaka ya 1920 ni hazina mnadani.

Tuanze basi na swali lenyewe: gari kuukuu linageukaje kuwa hazina? Na kwa nini hazina hizo ni nyingi mahali pengine na chache kwetu, ilhali barabara zetu ndizo zilizoyapa baadhi ya magari hayo jina?

Umri peke yake hautoshi

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, limeweka mpaka wa umri: gari liwe na miaka 30 au zaidi, litunzwe katika hali inayolingana na historia yake, na lisiwe chombo cha kazi za kila siku. Kwa kipimo cha umri tu, Bujumbura ingekuwa jumba la makumbusho. Corolla na Hiace zilizovuka miaka 30 bado zinapakia abiria na magunia. Lakini hakuna mtu atakayezipigania mnadani, kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni na kila moja inafanana na jirani yake.

Mnunuzi tajiri hutafuta mambo manne. La kwanza ni uhaba. Mwezi Mei 2022 Mercedes-Benz iliuza 300 SLR Uhlenhaut Coupé kwa euro milioni 135, bei kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa kwa gari. Yalitengenezwa mawili tu, mwaka 1955. La pili ni uzuri na ufundi: Jaguar E-Type iliyozinduliwa Geneva mwaka 1961 haikuwa adimu, lakini umbo lake linawafanya watu walipe hadi leo. La tatu ni historia, hasa ya mashindano. Ferrari 250 GTO, iliyoundwa kati ya 1962 na 1964 kwa idadi isiyofika 40, ilibuniwa kwa ajili ya mbio; moja liliuzwa New York mwaka 2023 kwa dola milioni 51.7.

La nne ndilo linalotuhusu zaidi, nalo ni ushahidi. Namba ya chesi iwe ileile ya kiwandani. Injini iwe ile iliyozaliwa na gari. Kuwe na hati za kila mwenyewe aliyelimiliki, risiti za matengenezo, picha, hata karatasi za mashindano lililoshiriki. Mfugaji wa Burundi hanunui ng'ombe kwa kutazama pembe tu. Anauliza mama yake nani, alitoka zizi gani, nani alimgawia nani. Wakusanyaji wa magari wanafanya hivyohivyo, na gari lisilo na majibu hushuka bei hata likiwa linang'aa.

Shika mambo hayo manne, kisha tuangalie Afrika Mashariki ilichangia lipi.

Barabara iliyotoa majina

Bara letu lilitumika kupima magari tangu mwanzo. Tarehe 10 Agosti 1907, luteni wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa Gaggenau, akafika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miaka miwili ya kusubiri vipuri, petroli na mito ipungue, naye akawa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari. Mwaka 1924 Citroën ilituma magari manane ya minyororo kutoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Walipofika Kampala wakagawanyika makundi manne: moja likaelekea Mombasa, moja likapitia Tabora kwenda Dar es Salaam, na mengine mawili yakaenda kusini zaidi. Mafanikio hayo yakauza Citroën Ulaya nzima.

Lakini kipimo kikubwa kilikuja mwaka 1953. Wakoloni wa Kiingereza walitaka kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, wakaanzisha mbio za magari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo Safari Rally. Kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, ili dereva akutane na vumbi na tope katika safari moja. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya, na mara zote mbili alikuwa ndani ya Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda mfululizo kwa 404 hiyohiyo.

Mbio hizo hazikufika Burundi, ila matokeo yake yalifika. Mwenye duka wa Bujumbura, daktari wa misheni Gitega, mchuuzi wa samaki wa kando ya ziwa, wote walijua kuwa gari lililomaliza Safari litapanda mlima wa Bugarama. Na mlima ule hautanii: barabara ya taifa namba moja inaondoka ukingoni mwa ziwa, mita zisizofika 800 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya kilomita 40 imeshavuka mita 2,000. Radieta mbovu hujulikana hapo. Peugeot 404 na mdogo wake 504, iliyotoka 1968 na kuchaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, zilikuwa na springi ndefu, chesi imara na injini ambayo fundi aliweza kuifungua kwa spana chache. Zote mbili zilichorwa na Pininfarina wa Italia, yuleyule aliyechora Ferrari nyingi. Mtu aliyepanda teksi ya 504 amekaa ndani ya mchoro wa mabwana wa Turin, iwe alijua au hakujua.

Wajapani nao walisoma darasa hilo. Mwaka 1970 Edgar Herrmann aliipa Datsun ushindi kwa 1600 SSS, na mwaka 1971 akarudia kwa 240Z, gari la michezo lenye pua ndefu ambalo wengi Ulaya walilidhania la mjini tu. Mwaka 1973 ikashinda 240Z ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala ambaye mwaka mmoja kabla alihamia Kenya, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mehta alishinda Safari mara tano, nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya, alishinda mara tatu: 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Tazama walioshindwa pia. Porsche ilikuja na 911, ikapata nafasi ya pili mwaka 1974 na tena 1978, haikushinda kamwe. Lancia Stratos, mkali wa lami na wa theluji, haikuwahi kuibeba Safari. Kampuni tajiri zilirudi kwao na magari yaliyovunjika, na Mkenya wa gereji akabaki na kikombe. Ushindi wa aina hiyo ndio historia ninayoisema, na ilitengenezwa kwenye ardhi yetu, kwa madereva na mafundi wa hapa.

Historia hiyo iliuzwa wapi

Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 iko Japani, katika mkusanyiko wa Nissan huko Zama. Mwezi Januari 2020, huko Marekani, 240Z nyingine, ambayo haikuwahi kuonja tope la Mombasa, iliuzwa dola 310,000. Porsche, iliyoshindwa kila mara, mwaka 2022 ilitoa 911 Dakar, iliyoinuliwa juu, kwa idadi ya 2,500. Na miongoni mwa wapenzi wa Porsche duniani, 911 yoyote iliyoinuliwa na kufungwa taa nne mbele huitwa Safari. Tangu mwaka 2003 kuna East African Safari Classic, mbio za magari ya kale, ambamo matajiri kutoka Ulaya husafirisha Ford Escort, 911 na 240Z zao hadi kwetu, wakazipitisha kwenye vumbi lilelile kisha wakazirudisha. Björn Waldegård wa Uswidi, mshindi wa Safari mara nne enzi zake, alishinda mbio hizo za kale mwaka 2011, safari hii akiwa na Porsche 911.

Si wizi, wala sisemi hivyo. Magari mengi ya mashindano yalikuwa mali ya viwanda na yalirudi viwandani. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya thamani yake ilizaliwa huku na inahesabiwa kule, kwa sababu kule ndiko waliko watu waliotunza karatasi.

Buyenzi, au maisha marefu bila kumbukumbu

Turudi Bujumbura. Mwezi Julai 1960, jeshi la Kongo lilipoasi siku chache baada ya uhuru, Wabelgiji wa Kivu walivuka mpaka kwa wingi kuja Usumbura kutafuta ndege ya kwenda kwao. Ndege haipakii gari. Miaka miwili baadaye Burundi nayo ikawa huru, na polepole magari ya wakoloni, ya Wagiriki na ya Wahindi yakaingia mikononi mwa wenyeji, yakafuata njia ambayo gari lolote la Bujumbura huifuata mwishowe: kwenda Buyenzi.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa jiji hili, wenye misikiti, biriani, barabara za namba, na mafundi. Humo bodi hunyooshwa kwa nyundo hadi ikae sawa. Humo giaboksi ya Toyota hufungwa kwenye gari ambalo halikuijua Toyota, na injini ya petroli hung'olewa ili ya dizeli ikae. Fundi wa Buyenzi hafanyi hivyo kwa kutojua kazi. Burundi haina bahari, kila kipuri hupita nchi ya mtu. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoanza 1993 ilifunga barabara, na kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi baada ya mapinduzi ya Pierre Buyoya. Katika hali hiyo, anayesubiri pistoni halisi kutoka kiwanda cha Peugeot cha Sochaux hatembei. Anayechonga ya kwake anatembea.

Hapa pana mgongano wa maadili mawili, na kila moja lina haki yake. Kwa mkusanyaji wa London, gari lililobadilishwa injini limekufa nusu. Kwa dereva wa Bujumbura, gari ambalo halikubadilishwa injini ndilo lililokufa, limelala juu ya mawe likiota majani. Ustadi wa Buyenzi umeyapa magari maisha marefu kuliko viwanda vilivyotarajia. Lakini ustadi huohuo umefuta ushahidi. Namba ya injini haifanani tena na ya kadi. Taa za mbele ni za gari jingine. Rangi ya kiwandani iko chini ya rangi nne. Ukitaka kuthibitisha kwamba gari fulani liliingia Usumbura kupitia Kigoma mwaka 1957, umebakiwa na neno la mzee.

Dalili moja haijafutika. Burundi inaendesha upande wa kulia, kama Wabelgiji walivyoacha, lakini magari mengi ya Bujumbura ni mitumba ya Kijapani iliyopitia Dar es Salaam, yenye usukani kulia. Ukikuta uani gari kuukuu lenye usukani kushoto, uliza zaidi. Huenda ni mabaki ya zama za Antwerp.

Magari ya wakubwa

Kuna kundi jingine ambalo lingepaswa kuwa hazina yetu na halikuwa: magari ya madaraka. Afrika Mashariki nzima iliwaita Wabenzi wale waliopata vyeo baada ya uhuru na kuonekana ndani ya Mercedes. Idi Amin alikwenda mbali zaidi. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa Kampala mwaka 1975 alishiriki mbio za magari akiwa ndani ya Citroën SM, gari la Kifaransa lenye injini ya Maserati na mfumo wa mafuta na gesi badala ya springi. Zilitengenezwa 12,920 tu, kati ya 1970 na 1975, na leo ni miongoni mwa magari yanayopendwa sana na wakusanyaji.

Gari kama hilo lilihitaji fundi aliyesomea mabomba yake, mafuta yake maalumu na barabara laini. Likikosa kimoja linakaa chini kama ngamia aliyechoka. Ndiyo maana 504 iliyodharauliwa ikaendelea kuundwa Kenya hadi mwaka 2004, huku magari ya fahari yakiozea nyuma ya ofisi za serikali. Fahari isiyo na fundi haidumu. Na hilo liko hata Ulaya, ambako kila Ferrari ya mnadani ina nyuma yake karakana iliyoilea kwa miongo.

Nairobi imeonyesha njia

Wanaodhani kutunza magari ya kale ni anasa ya Wazungu peke yao watazame Nairobi. Tangu mwaka 1970 Alfa Romeo Owners Club ya huko imeandaa Concours d'Elegance, na kwa miaka mingi uwanja wake umekuwa ule wa mbio za farasi wa Ngong. Magari na pikipiki hupangwa, na waamuzi hukagua bodi, viti, injini, buti, hata uvungu, wakitoa alama. Anayeshinda si lazima awe na gari la bei kubwa. Peugeot au Datsun iliyotunzwa na familia moja inaweza kumshinda tajiri aliyeleta Mercedes yenye doa la grisi.

Tena Kenya hairuhusu kuingiza mtumba uliozidi miaka minane. Kwa hiyo magari ya kale yanayoonekana Ngong kwa sehemu kubwa ni yale yaliyokuwamo nchini tangu zamani. Hayakununuliwa mnadani, yalihifadhiwa. Hapo ndipo Bujumbura inapoweza kujipima bila kisingizio cha umaskini. Kutunza kadi ya gari hakugharimu kitu.

Vikwazo vyetu ni vya kweli. Uhaba wa petroli uliolisumbua jiji miaka ya karibuni umewafanya watu wapange foleni kwa siku kadhaa, na hakuna anayepanga foleni kwa ajili ya gari la maonyesho lenye silinda nane. Joto na unyevu wa ziwa hula bati. Bei ya chuma chakavu hushawishi. Lakini gari lisilotembea bado linaweza kubaki hati, mradi lisikatwe.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa msomaji ambaye nyumbani kwao kuna gari chini ya turubai. Kwanza, safisha kibati cha chesi, kipige picha, na uandike namba daftarini pamoja na jina la kila aliyelimiliki kadiri wazee wanavyokumbuka, leo, wakiwa hai. Pili, fundi akibadilisha injini, kabureta au taa, usiache vile vya zamani viende kwa muuza chuma. Vifunge gunia, viweke pembeni. Kipuri halisi kilichokaa stoo miaka 20 kinaweza kuwa nusu ya thamani ya gari. Tatu, akitokea mgeni mkarimu anayetaka kulinunua “kama chuma tu”, usiuze siku hiyo. Ukarimu wa mnunuzi kwa kitu alichokiita chuma una sababu, na sababu hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye kibati ulichokuwa hujakisafisha.